Ndege walikuja mpaka nilipotengeneza mfereji

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta msaada wa Python, au kusoma malalamiko yangu kuhusu intaneti ya kisiwani. Leo nivumilieni. Nataka kuwasimulia habari ya ndege wadogo wa uani kwetu, hapa Langoni, Lamu, na jinsi nilivyotumia zaidi ya miezi sita kutatua tatizo ambalo halikuwapo, kisha lile lililokuwapo nikalizidisha kwa spana. Kama wewe pia kazi yako ni kuandika programu, nadhani umeshaanza kujiona.

Ilianza kazini. Timu yetu imetawanyika, kila mtu na nchi yake, na mwenzetu mmoja yuko Uingereza. Kila Januari hutuonyesha picha za bustani yake. Kila kitu cheupe, na kwenye kimeza cha mbao kuna chiriku wanagombania mbegu. Alitueleza kwamba majira ya baridi kule mchana ni mfupi, ardhi imeganda, chakula kimefunikwa, na ndege mdogo asiposhiba mchana huenda asiione asubuhi. Kwa hiyo watu huwawekea mbegu. Ni jambo la kawaida kabisa, hata madukani mifuko ya chakula cha ndege imepangwa karibu na chakula cha paka.

Nikaingiwa na wivu. Lamu hatuna theluji, lakini tuna kipupwe. Kuanzia Juni mpaka Agosti kusi huvuma kweli kweli, bahari huchafuka, na Bibi hujifunika kanga ya pili akisema baridi imemwingia mifupani. Nikasema basi, huo ndio msimu wetu wa baridi. Nami nitawalisha ndege, na kwa kuwa mimi ni mimi, nitawahesabu kwa kompyuta.

Julai 2024 nikaanza. Nilitundika sahani ya bati kwenye tawi la mlimau, nikajaza mtama na uwele kutoka sokoni. Kwenye ukuta mkabala nikafunga Raspberry Pi (kile kijikompyuta cha ukubwa wa pakiti ya karata, kilichoanza kuuzwa mwaka 2012) pamoja na kamera yake, ndani ya mkebe mtupu wa aiskrimu. Nikaandika programu fupi ya kulinganisha picha moja na inayofuata. Kitu kikisogea uani, picha inahifadhiwa pamoja na saa yake. Jioni nafungua faili, nahesabu. Nilijaribu pia kutambua ndege kwa sauti, kwa kutumia BirdNET ya Maabara ya Cornell na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz. Programu ile ni nzuri sana, lakini nadhani haikutengenezwa na mtu anayeishi katikati ya punda. Kusi ilijaza maikrofoni, punda wa jirani wakajaza kilichobaki, nikaizima.

Matokeo ya wiki ya kwanza: kunguru, paka, panya wawili usiku, kunguru tena. Ndege wadogo, sifuri.

Kunguru mnawajua. Hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Asili yao ni Bara Hindi, na waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale takataka za mjini. Wakala takataka, kisha wakala mayai na makinda ya ndege wengine pwani nzima. Mwezi mmoja tu kabla sijatundika sahani yangu, Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru hao milioni moja. Nami huku nimewafungulia hoteli. Nikabadilisha sahani, nikatumia chupa ya plastiki yenye vitundu vidogo ambavyo domo la kunguru haliwezi kunufaika navyo.

Wiki ya tatu wakaja tongo. Kama hujawahi kumtazama tongo kwa makini, mtazame. Ni ndege asiyefika hata sentimita 10, kichwa cha kahawia iliyokoza, tumbo jeupe, domo nene la kuvunjia mbegu. Hatembei peke yake, huja kundi zima wakisukumana kama watoto wa madrasa wakati wa kutoka. Siku ile walikuja watatu, wakakaa kama dakika nne, wakaondoka. Kesho yake wawili. Kesho kutwa hakuna. Mpaka mwisho wa Agosti wastani wangu ulikuwa ndege wanne kwa siku, na wingi wa mtama uliishia kwa panya.

Sasa ukifikiri, jibu lilikuwa wazi. Masika yetu hunyesha Aprili mpaka Juni. Ikifika Julai nyasi zimekomaa, na kila kiwanja kisichojengwa kimejaa mbegu. Mwenzetu wa Uingereza anaweka meza wakati wa njaa. Mimi niliweka meza siku ya Idi, watu wote wameshakula.

Basi nikakata tamaa. Chupa ikabaki mtini, na kamera nikaiacha iendelee kwa sababu ya uvivu tu.

Februari 2025 nilifungua lile faili kwa ajili ya jambo jingine kabisa, nafasi ya kuhifadhi ilikuwa imejaa. Nikashtuka. Kuanzia katikati ya Januari picha zilikuwa zimeongezeka mara kumi na zaidi, na zilijikusanya saa zilezile kila siku, kama saa mbili asubuhi na tena kama saa kumi na moja jioni. Ndege thelathini, arobaini. Tongo, jurawa, na minana wa minazi, wale wa manjano ambao dume ana kichwa cha rangi ya chungwa. Lakini kwenye chupa ya mtama hapakuwa na hata mmoja. Wote walikuwa upande wa kushoto wa picha, chini, pembeni kabisa, chini ya mfereji wa tangi letu. Ule mfereji ulikuwa unadondoka. Tone moja moja lilikuwa limefanya kidimbwi cha ukubwa wa kiganja kwenye saruji, na kidimbwi kile ndicho kilichokuwa mkutano.

Kisha kuanzia Jumapili moja, ghafla, sifuri. Siku kumi na moja za sifuri.

Sikuhitaji kutafuta sana. Jumamosi iliyotangulia Bibi alikuwa ameniambia, "Mwanangu, huo mfereji unatumalizia mayi." Nikachukua spana, nikabadilisha kile kipira cha ndani, nikajisifu. Maji ya mji wetu hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, mvua hakuna na visima vingine hugeuka chumvi. Vuli nayo ilikuwa haba. Kila tone ni la kuhesabiwa. Kwa hiyo mfereji ulikuwa mbovu na nilifanya sawa kuutengeneza. Lakini kulikuwa na ndege arobaini waliokuwa wakitegemea ubovu ule.

Wenzangu wa kazi yangu wanaijua hali hii vizuri. Unasafisha hitilafu katika programu, kesho yake simu zinaanza kuita, kumbe kuna watu walikuwa wamejenga kazi yao yote juu ya hitilafu ile. Hawakukuambia, kwa sababu hata wao hawakujua ni hitilafu.

Nikamwonyesha Bibi zile picha kwenye kompyuta. Akazitazama, akacheka. "Hawa nyuni hawana ndaa, wana kiu. Ungeniuza mimi." (Wa bara mnisamehe, Kiamu hicho: nyuni ni ndege, ndaa ni njaa, kuuza ni kuuliza.) Na ni kweli. Ndege anayekula wadudu hupata maji ndani ya chakula chake. Anayekula mbegu kavu hana bahati hiyo, lazima anywe, na siku za joto hunywa zaidi ya mara moja. Majira magumu ya ndege wetu hayaji na baridi. Yanakuja na jua la kaskazi. Nilikuwa nimenakili suluhisho zima kutoka nchi nyingine bila kusoma lilikuwa linatatua nini.

Nikasema hilo ni jepesi basi, nitaweka beseni la maji uani. Hapo Bibi akaacha kucheka.

"Sitaki mayi wazi hapa ndani."

Nilidhani ni habari ya bei ya maji. Haikuwa hiyo. Akanyosha mikono yake miwili mbele yangu, na nikakumbuka.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka saba. Mvua zilikuwa zimekosekana, kila nyumba ilikuwa imeweka maji kwenye mapipa, mitungi na mabeseni, na maji hayo yalikaa siku nyingi kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyamwaga. Kisha homa ikaingia. Nakumbuka baba amelala chini mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nakumbuka mtaa ulivyonyamaza. Mimi mwenyewe niliumwa siku chache nikainuka. Bibi hakuweza kushika kikombe kwa wiki kadhaa, na viungo vya vidole vyake viliendelea kumsumbua muda mrefu baada ya homa kuondoka.

Ilikuwa chikungunya. Jina lenyewe ni la kwetu Afrika Mashariki, limetoka katika Kimakonde, kwa maana ya kujikunja, kwa sababu mgonjwa hutembea ameinama kwa maumivu. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Lamu yetu iliupokea 2004, na watafiti waliopima damu za watu baadaye walikadiria kwamba asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa, kama watu 13,500. Kutoka hapa pwani yetu ukaenda Mombasa, ukavuka hadi Komoro mwaka 2005, ukafika kisiwa cha Réunion ambako karibu theluthi moja ya watu waliugua, kisha ukaingia India. Mbu wanaoueneza ni wa jamii ya Aedes, wanaouma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyotulia majumbani. Ukame ulitufanya tuhifadhi maji, na maji tuliyohifadhi yakatuzalia mbu.

Baada ya hapo ndipo tangi letu la plastiki lenye kifuniko likaja, na mapipa yakaondoka. Sikuwahi kujua kwamba vitu hivyo vinahusiana. Nilikua nikiliona lile tangi kama tangi tu.

Jioni ile Bibi akanieleza jinsi nyumba ilivyokuwa zamani. Kwenye nyumba ya mawe ya wazazi wake, msalani kulikuwa na birika la maji lililo wazi, na ndani yake mliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika palijengewa sahani ya kauri, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujificha. Watu walioga na kutawadha kwa kata, na maji yaliyomwagika yalitoka nje kwa mfereji mdogo wa sakafuni. Ndege walikunywa hapo. Mchele nao ulikuwa unakuja na gunia lake, vumbi lake na mawe yake. Asubuhi wanawake walikaa kiwandani wakiupepeta kwa ungo, na chuya zote ziliruka chini. Ndege walikula hapo.

"Sasa mchele mwaununua safi, mayi mwayafungia," akasema. "Watakuya kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekaa akasema leo tuwalishe ndege. Ilikuwa ni kazi za kila siku tu, na ndege walikuwa wanaishi kwenye kile kilichodondoka. Kisha sisi tukatengeneza kila kitu. Mchele wa pakiti, tangi lenye kifuniko, sakafu ya saruji, mfereji usiovuja. Kila hatua ilikuwa sahihi, na ile ya kifuniko ilituokoa na ugonjwa. Mimi ndiye niliyekuja kuziba tundu la mwisho, kisha nikakaa kushangaa kwa nini faili langu linaandika sifuri.

Nilichojifunza ni kwamba siwezi kurudisha nyuma toleo zima. Birika lenye samaki halirudi, na simtakii mtu yeyote mwaka 2004. Ilibidi kutafuta njia ya kurudisha kile kidimbwi bila kurudisha mbu. Tukajadiliana, mimi na Bibi, kama watu wanaoandikiana mkataba. Yeye akatoa masharti, mimi nikayapima kwa nilichosoma. Mayai ya mbu wale huhitaji kama wiki moja au siku kumi hivi mpaka mbu aruke, kwa hiyo maji ya siku moja hayana hatari. Lakini kuna mtego. Mbu huyo hubandika mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri. Kumwaga peke yake hakutoshi. Lazima kusugua.

Kusugua kuna faida ya pili, na hii inawahusu hata wale wa Uingereza. Tangu 2005 na 2006 chiriku wao wa kijani walianza kufa kwa ugonjwa wa vimelea vya kooni, ambao ndege huambukizana kwa mate kwenye chakula na maji. Chiriku wale walipungua sana hadi mwaka 2021 wakaingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Watu walikuwa wakiwalisha kwa mapenzi, na meza za mapenzi hayo zikawa mahali pa kuambukizana. Nilipomweleza Bibi akasema tu, "Sahani ya mgeni huoshwa." Sikuwa na la kuongeza.

Mkataba wetu ndio huu, na kama uko pwani au sehemu yoyote kavu unaweza kuujaribu:

1. Tumia sahani pana ya udongo, maji yasizidi kina cha vidole viwili vilivyolala. Weka jiwe katikati ili tongo apate pa kusimama.

2. Maji yatoke jikoni. Sisi tunatumia yale ya kuoshea mchele, ambayo yangemwagwa vilevile. Hatuchoti tone jipya tangini.

3. Weka baada ya alfajiri, mwaga kabla ya magharibi, sugua kwa brashi mpaka ukingoni, kisha ifudikize ilale kavu. Kila siku. Ukisafiri au ukichoka, iache imefudikizwa. Sahani tupu ni salama kuliko sahani iliyosahauliwa.

4. Iweke mahali pa wazi, mbali na kichaka, kwa ajili ya paka. Paka wa Lamu mnawajua.

5. Mtama weka kiasi cha ukucha tu, kaskazi peke yake, na asubuhi. Ukibaki jioni uondoe, kwa ajili ya panya.

Kunguru bado wanakuja. Bibi anawafukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili alikuja jurawa mmoja, akanywa, akainua kichwa kama anayemeza dawa, akaondoka. Siku ya sita nilikuwa kwenye mkutano wa kazi kwa video niliposikia Bibi ananiita kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kutisha kitu. Nikatoka na kompyuta mkononi. Tongo walikuwa wameizunguka sahani duara zima, bega kwa bega, wengine wamepanda migongo ya wenzao. Yule mwenzetu wa Uingereza akawaona kupitia kamera yangu. Kwake ilikuwa theluji dirishani, kwetu jua la kuunguza saruji, na kwa dakika mbili hakuna aliyezungumza habari za kazi.

Kamera bado ipo, lakini nakiri Bibi amenishinda. Programu yangu huhesabu kivuli cha mnazi kama ndege, na paka mmoja kama ndege sita. Yeye hukaa kizingitini na kahawa yake, anasema walikuwa thelathini na wanane, nami nikihakiki picha moja moja napata thelathini na wanane. Sasa namba anaandika yeye, kwenye daftari la duka, na mimi naziingiza kwenye kompyuta Ijumaa. Ile kalamu anaishika vizuri.

Masika yakianza tunaiweka sahani stoo. Kipupwe hatuitoi, maana sasa najua wakati ule wanakula na kunywa kwao. Tunaitoa tena kaskazi ikikaza, mfereji ukiwa mzima na tangi limefunikwa.

Wiki ijayo, inshallah, narudi kwenye Python. Kama una tongo uani kwako, nawe uko Mombasa, Tanga au Maskati, niandikie wanakunywa saa ngapi.